Tukijitoa Jumuiya, Atakayelipa ni Baraka

Hoja yenyewe inajulikana na kila mtu wa Fizi, Kivu Kusini, kuanzia Mboko hadi Kazimia. Rwanda ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC). Rwanda ndiyo inayowabeba waasi wa M23. Basi Kongo imekaa meza moja na anayeichomea nyumba, na mwenye kujiheshimu huinuka akaondoka. Inasemwa redioni, inasemwa na wanamotari wanaosubiri abiria sokoni Baraka, inasemwa na wanasiasa Kinshasa, na kila mji unapoanguka inasemwa kwa sauti kubwa zaidi. Ukiipinga mbele za watu, wapo watakaokuuliza uko upande wa nani. Mimi niko upande wa Fizi, na ndiyo sababu naipinga.

Hasira iliyomo ndani yake ni ya haki, na asiyeielewa hajui tulikopita. Watu wa Makobola hawajasahau mauaji ya siku za mwisho wa mwaka 1998 na mwanzo wa 1999. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara kwa mara kwamba jeshi la Rwanda linapigana bega kwa bega na M23. Kigali inakana, na miji inazidi kuanguka. Goma ilikwenda Januari 2025, Bukavu Februari. Tarehe 4 Desemba mwaka huohuo marais Tshisekedi na Kagame walitia saini mapatano ya amani Washington, na siku 6 baadaye Uvira ikaingiliwa. Watu waliteremka na barabara ya Makobola, Mboko na Lusenda, mama ana mtoto mgongoni na godoro kichwani, wakaja kulala kwa ndugu zao wa huku kwetu ambao nao hawakuwa na chakula cha kutosha. M23 iliondoka Uvira Januari 2026. Hofu haikuondoka nayo.

Na Jumuiya ilifanya nini? Ilileta kikosi chake Novemba 2022, na kufikia Desemba 2023 Kongo ilikuwa imekataa kukiongezea muda kwa kuwa hakikuwasukuma M23 kama wananchi walivyotarajia. Tarehe 29 Januari 2025, Goma ikiwa imeanguka, wakuu wa nchi walikutana kwa njia ya video na kuihimiza Kinshasa izungumze na M23 moja kwa moja. Aliyekuwa analia makaburini aliambiwa akaongee na muuaji. Wala sishangai kwamba watu walikasirika.

Lakini kukasirika ni jambo moja, na kujua mahali pa kupiga ni jambo jingine. Anayesema kujitoa kutatulinda na atazame tarehe. Vita vya 1996 vilipopita Uvira na kuingia Fizi, Rwanda haikuwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Jumuiya yenyewe haikuwapo: ile ya kwanza ilikufa 1977, na mkataba wa hii ya sasa ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Vita vya 1998 vilipoanza, hali ilikuwa hiyohiyo. Rwanda na Burundi ziliingia 2007, Kongo ikaingia 2022. Askari wa Rwanda walivuka mpaka wetu mara mbili bila kadi ya uanachama mfukoni. Si kadi iliyowaleta, na kuichana hakutawarudisha kwao.

Kuna jambo jingine ambalo wanaotaka tutoke hawalisemi. Kila adhabu ambayo Kongo imeipa Rwanda tangu 2022, imeitoa ikiwa ndani ya Jumuiya. Ilimfukuza balozi wa Rwanda Oktoba 2022. Ilikubali kikosi cha kikanda kwa sharti kwamba askari wa Rwanda wasikanyage ardhi yetu, na sharti likaheshimiwa. Iliwaaga wale wa kikosi walipoishiwa faida. Februari 2025 ilizifungia anga ndege za Rwanda. Hakuna ibara iliyotuzuia, hakuna katibu mkuu aliyetushika mkono. Sasa tukitoka tutapata nguvu gani ya kuiadhibu Rwanda ambayo leo hatuna? Nimeuliza swali hili kwa watu ninaowaheshimu, na jibu ninalopata huwa ni kwamba kutoka kutaonyesha msimamo. Msimamo ni kitu kizuri, ila haujawahi kumzuia mwenye bunduki.

Tutakachopoteza, kwa upande mwingine, kinaonekana. Mwaka 2002 Kongo iliipeleka Rwanda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague. Tarehe 3 Februari 2006 mahakama ile ikasema haina mamlaka, kwa sababu Rwanda haikuwa imekubali kuhukumiwa nayo juu ya mambo yale. Ushahidi wetu haukusikilizwa kabisa. Kesi ilikufa mlangoni. Uganda haikuwa na njia hiyo ya kuponyoka, na Februari 2022 iliamriwa kuilipa Kongo dola milioni 325. Majirani wawili, vita vilevile, na kilichotenganisha matokeo yao ni nani alikuwa amefungwa na saini yake. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iko Arusha, na ibara ya 28 ya mkataba inaipa nchi mwanachama haki ya kumshitaki mwanachama mwenzake anayevunja wajibu wake. Kongo imeitumia haki hiyo dhidi ya Rwanda, na usikilizwaji ulianza Septemba 2024. Tusiichanganye na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo nayo iko Arusha lakini ni ya Umoja wa Afrika, na ambayo Juni 2025 ilitamka kwamba ina mamlaka juu ya shauri letu. Hiyo haitegemei uanachama wetu wa Jumuiya. Ile nyingine inautegemea. Baada ya kusota miaka yote hii tukitafuta mahakama ambayo Kigali haiwezi kuikataa, ni ajabu kwamba sisi wenyewe ndio tunaotaka kuacha ufunguo.

Nirudi sasa ziwani, maana ndipo hoja hii ya kujitoa inaponiumiza zaidi. Inatungwa na watu wanaoitazama Afrika Mashariki kama ramani ya Rwanda tu. Ukiwa Baraka, ukigeuka kutazama linakochomoza jua, mbele yako kuna rasi ya Ubwari, na nyuma ya Ubwari, ng'ambo ya maji, kuna Burundi, na kusini zaidi kuna Tanzania. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo mji wetu unakula, unajenga na unavaa kwa njia hiyo. Boti zinapakia Kibirizi, Kigoma, zinavuka, zinashusha kwenye fukwe za Fizi saruji, mabati, sabuni, ndoo na vitenge. Waasi wa miaka ya 1960 walipita njia hiyo. Waliokimbia 1996 waliipita pia, wakafika Nyarugusu, ambako watoto wa Kibembe wamezaliwa na kukua mpaka nao wakapata watoto. UNHCR ilipoanza kuwarudisha watu kuanzia 2005, meli zilitoka Kigoma zikawashusha Baraka. Na Warundi walipokimbia nchi yao 2015, ni Lusenda iliyowapokea. Nani katika Kongo nzima anaijua Afrika Mashariki kuliko sisi?

Tazama kinachotokea boti inapotia nanga. Wapagazi wanaingia majini hadi kiunoni, mfuko wa saruji unatua begani, mguu unatafuta jiwe la kukanyaga. Mama mwenye mzigo anasimama mchangani na kabrasha la karatasi, na wakubwa wanakuja mmojammoja: wa forodha, wa uhamiaji, wa ukaguzi wa bidhaa, wa afya, kisha wa huduma ambazo hata jina halijulikani vizuri. Amri ya serikali ya mwaka 2002 iliruhusu huduma 4 tu mpakani. Mama anajua kuhesabu na anaona waliosimama mbele yake ni zaidi ya 4. Analipa, wakati mwingine bila risiti, na alicholipa anakiongeza kwenye bei ya sabuni. Rwanda haihusiki na dhuluma hii. Ni Wakongo tunaodhulumiana wenyewe, na dawa yake iko ndani ya kanuni za Jumuiya ambazo Kinshasa imezitia saini na kuziacha kabatini: mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizotengenezwa katika nchi wanachama, zisizozidi thamani ya dola 2,000, hupewa cheti chepesi cha asili na hatozwi ushuru wa forodha. Mama wa Namanga, kati ya Kenya na Tanzania, anavijua vyeti hivyo. Huyu wa Baraka hajawahi kuviona.

Atakayebishana vizuri na mimi ataniambia: Tanzania si Rwanda, tukitoka Jumuiya, bado tuko na Watanzania katika SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, na tunaweza kufanya nao mkataba wa nchi mbili. Hoja hii ina uzito. Lakini Kongo iliingia SADC mwaka 1997, enzi ya Mzee Laurent Kabila. Kwa miaka zaidi ya 20 tukiwa pamoja humo, Mkongo aliyetaka kwenda Dar es Salaam kununua bidhaa aliendelea kutafuta viza na kuilipia. Tanzania ilituondolea viza 2023, na Kenya pia, mwaka mmoja baada ya sisi kuingia Jumuiya. Kilichoshindikana kwa muda wote huo kilikuja haraka tulipokaa kwenye meza sahihi. Hiyo mikataba ya nchi mbili nayo itaandikwa na nani? Na maofisa walewale walioshindwa kutekeleza ule tulio nao?

Wengine wanataja mifano. Rwanda yenyewe ilijitoa CEEAC, jumuiya ya kiuchumi ya Afrika ya Kati, Juni 2025, wanasema, na mbingu hazikuanguka. Kweli, ilijitoa kwa hasira ya kunyimwa uenyekiti kwa sababu ya msimamo wa Kongo. Maana yake ni kwamba Kongo iliyobaki kitini ndiyo iliyoshinda siku ile, na iliyoondoka ndiyo iliyowaachia wengine chumba. Wala haikuwa mara ya kwanza: Rwanda ilitoka humo 2007 ikarudi 2016. Tanzania ilijitoa soko la pamoja la COMESA mwaka 2000, nao ni mfano bora zaidi, kwa kuwa ilikaa ikapiga hesabu ya biashara yake ikaona SADC na Afrika Mashariki zinaitosha. Kama Kinshasa ina hesabu ya namna hiyo kuhusu EAC, ituonyeshe. Mpaka leo tumeonyeshwa hasira tu.

Mfano ambao sisi wa mpakani tungepaswa kuukumbuka ni wa 1977. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika, wakubwa waligombania ndege, meli na mabehewa, na mapatano ya kugawana mali hayakupatikana hadi 1984. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, ukafunguliwa tena 1983. Waziri aliyetia saini alikuwa na njia nyingine za kusafiri. Mmaasai mwenye ng'ombe upande huu na malisho upande ule hakuwa nazo. Uingereza ilipopiga kura ya kutoka Umoja wa Ulaya mwaka 2016, watu wa Ireland ya Kaskazini, wanaoishi mpakani, walio wengi walichagua kubaki, na mpaka wao ndio uliokuja kuwa fundo gumu kuliko yote katika mazungumzo.

Sisemi Jumuiya iachwe ilivyo. Wakuu wa nchi huamua kwa maafikiano, na hilo linampa mshitakiwa nafasi ya kuzuia hukumu juu yake mwenyewe, isipokuwa pale anapojadiliwa kusimamishwa au kufukuzwa. Kanuni hiyo inapaswa kubadilishwa, na Kongo ndiyo yenye sababu kubwa kuliko wote ya kudai ibadilishwe. Lakini sauti ya nchi yenye malimbikizo ya michango ni dhaifu, na kiti kitupu hakina sauti kabisa. Mkutano ule wa 29 Januari 2025, uliotoa maneno yaliyotuudhi, rais wetu hakuhudhuria. Siku 10 baadaye, tarehe 8 Februari, wakuu wa EAC na SADC walikutana pamoja Dar es Salaam, Tshisekedi akashiriki kwa video, na tamko la siku hiyo likataka mapigano yasimame na majeshi ya nje yasiyoalikwa yaondoke. Hayakuondoka, najua. Hata hivyo, maneno yale yameandikwa na kukubaliwa na majirani zetu wa EAC na SADC, na mwanasheria wetu anaweza kuyashika mkononi.

Ibara ya 145 ya mkataba inasema nchi hutoka kwa azimio la theluthi mbili za wabunge wake, kisha taarifa ya maandishi ya miezi 12. Hivyo uamuzi huu hautafanywa barabarani wala redioni. Utafanywa na wabunge, wakiwamo wa Fizi. Tuna wabunge 9 pia katika Bunge la Afrika Mashariki, sawa na nchi nyingine yoyote, na wengi wetu hatuwajui hata kwa majina. Kwa hiyo, ndugu msomaji wa Baraka, wa Nundu, wa Lulimba, mbunge atakapokuja kwako akikuahidi kuitoa Kongo katika Jumuiya, mwulize mambo mawili kabla hujampigia makofi: Rwanda itapoteza nini siku hiyo, na boti ya Kibirizi itashusha mzigo kwa masharti gani kesho yake. Asipokuwa na jibu la yote mawili, mnyime kura.