Mkono Ule Ule Uliotia Saini

Ijumaa iliyopita khatibu wetu, ambaye elimu yake ya fikihi siwezi kuitia dosari wala sina haki ya kuipima, alitoka katika mada yake ya amana na dhima, akavuka bahari pasi na chombo, akatua Ulaya, akatueleza kwa sauti ya yakini kwamba mataifa yale makubwa, yaliyokuwa yakitawala nusu ya dunia, leo yamekuwa raia wa makarani wasiochaguliwa na mtu, walioketi katika mji uitwao Brussels, nao ndio wanaoamuru Mfaransa apande nini, Mjerumani aendeshe gari gani na Mhungaria ampokee mgeni yupi. Na kwa kuwa msikilizaji amekatazwa kunena khatibu anapokuwa juu ya mimbari, hata neno la kumnyamazisha jirani, nilitoka msikitini na majibu yangu yote kifuani, na wasomaji wangu ndio watakaoyabeba.

Si yeye peke yake mwenye itikadi hiyo. Nimeisikia barazani kwa wacheza bao. Nimeisikia redioni kwa wale wanaoalikwa kila jioni kufafanua kila jambo, leo mafuriko, kesho kandanda, keshokutwa siasa ya Ulaya (na laiti wangelipwa kwa kimya chao kama wanavyolipwa kwa maneno yao, sote tungenufaika). Na huko Ulaya kwenyewe ndiko ilikoota mizizi zaidi, kwani viko vyama vizima vilivyojengwa juu yake. Walakini wingi wa wanaosadiki haujapata kuwa ithibati ya jambo lolote.

Hebu tutazame sheria ya Umoja wa Ulaya inavyozaliwa. Kamisheni, hao makarani wanaotajwa, huandika pendekezo. Hilo ni kweli. Pendekezo likishaandikwa huenda kwa Bunge, lenye wajumbe 720 waliochaguliwa na wananchi mwezi Juni 2024, na huenda kwa Baraza ambalo ndani yake huketi mawaziri wa serikali zote 27, wa kilimo kwa mambo ya kilimo, wa fedha kwa mambo ya fedha, kila mmoja na maagizo aliyopewa nyumbani kwao. Kwa mambo mengi zatakiwa nchi 15 zikubali, nazo ziwe na asilimia 65 ya watu wote wa Umoja. Kwa kodi, kwa siasa ya nje na kwa kumwingiza mwanachama mpya, ikikataa nchi moja tu, hata iwe Malta ambayo watu wake wote hawafiki milioni moja, jambo limekufa.

Sasa itazameni hila. Waziri aliyeinua mkono wake huko hurejea kwao, akaulizwa na wakulima au wenye viwanda kulikoni, naye akajibu kwamba si yeye, ni Brussels. Ni mithili ya baba aliyekwenda kwenye kikao cha ukoo, akala pilau, akakubali mahari ya binti yake ipunguzwe, kisha akamwendea mkewe kwa uso wa huzuni akamwambia kuwa wazee ndio waliokata shauri, ilhali yeye ndiye aliyekuwa mzee wa kwanza kusema naam.

Kila nikisema haya huinuka mtu akanitajia ndizi. Ati Brussels imepiga marufuku ndizi zilizopinda! Kanuni hiyo ilikuwapo, ni namba 2257 ya mwaka 1994, nayo ilisema ndizi zisiwe na kilema wala mpindo usio wa kawaida, kisha ikaziachia daraja za chini kasoro zake za umbo. Haikumkataza mtu yeyote kula ndizi iliyopinda. Mtu aliyekulia pwani, akaujua mkono wa tembo na kisukari, akipata kuamini kwamba mamilioni ya Wazungu wamenyang'anywa ndizi kwa sababu ya umbo lake, huyo hahitaji hoja, ahitaji kupelekwa sokoni. Na ajabu zaidi ni habari ya matango. Kanuni ya mwaka 1988 iliyapimia matango mpindo wake, ikachekwa ulimwengu mzima. Mwaka 2008 Kamisheni ikataka kuifuta pamoja na nyingine za matunda na mboga, na waliosimama kuitetea ni serikali za nchi wanachama, Ufaransa, Uhispania na Italia zikiwamo. Karani alitaka kuitupa, waziri akaikumbatia, na ilipofutwa Julai 2009 lawama ya miaka 20 ilibaki shingoni mwa karani.

Au tuchukue kanuni ya fedha, ile inayosema nakisi ya serikali isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, wala deni lisizidi asilimia 60. Wanaolalamika kwamba Brussels inazikaba serikali koo hutaja kanuni hii kabla ya nyingine yoyote. Aliyeidai kwa nguvu kuliko wote ni Ujerumani, katika miaka ya tisini, kabla haijakubali kuiacha sarafu yake. Na ilipotokea kwamba Ujerumani yenyewe na Ufaransa zimeivunja, mawaziri wa fedha walikutana Novemba 2003 wakasimamisha hatua zilizokuwa zichukuliwe juu ya nchi hizo mbili. Makarani walifanya nini? Walikwenda mahakamani kuwashtaki mawaziri, wakapata ushindi wa sehemu Julai 2004, na mwaka uliofuata mawaziri wakailegeza kanuni wapate kupumua. Mtu anayeyajua haya akaendelea kuniambia kwamba Paris na Berlin ni mateka wa Brussels, mimi humwuliza mateka gani anayeshika ufunguo wa jela na kufuli akaibadili apendavyo.

Nao wakulima! Mwanzoni mwa mwaka 2024 matrekta yalijaa njia kuu za Ulaya, yakafika hadi Brussels mnamo tarehe 1 Februari, na watangazaji wetu wakatangaza kwa furaha kwamba wakulima wamewachoka makarani. Sikusikia hata mmoja akieleza kwamba cheche iliyowasha moto Ujerumani ilikuwa ni nafuu ya kodi ya dizeli ya kilimo, ambayo serikali ya Berlin iliamua kuiondoa ili kuziba pengo la bajeti baada ya mahakama yake ya katiba kuibatilishia hesabu zake. Wala kwamba huko Ufaransa nako kodi ya dizeli ya mashambani ilikuwa ni uamuzi wa Paris, na Paris ndiyo iliyourudisha nyuma. Dizeli ya Berlin na dizeli ya Paris, moshi ukapelekwa Ubelgiji.

Habari ya magari nitaipita upesi, kwani ni ile ile. Sheria ya kukomesha uuzaji wa magari mapya yatoayo hewa ya kaboni ifikapo 2035 ilikwisha kukubaliwa na wajumbe wa pande zote, Bunge likaipigia kura Februari 2023, ndipo Ujerumani ilipoizuia dakika ya mwisho mpaka ipewe ahadi juu ya mafuta ya kutengenezwa viwandani. Ilipopita mwezi Machi, ni Poland tu iliyokataa. Italia, Bulgaria na Romania zilijizuia. Waliobaki waliinua mikono, na katika hao wamo ambao leo huieleza sheria hiyo kana kwamba iliangushwa na mvua.

Waingereza waliamini buhtani hii mpaka mwisho wake. Walizungushiwa basi jekundu lililoandikwa kwamba wanapeleka Brussels pauni milioni 350 kila wiki, hesabu ambayo mamlaka ya takwimu ya nchi yao yenyewe iliikemea, na tarehe 23 Juni 2016 asilimia 51.9 ya waliopiga kura wakachagua kutoka. Miongoni mwa ghanima za ukombozi walitangaziwa kwamba watarudishiwa pasipoti ya buluu. Kroatia ni mwanachama wa Umoja tangu 2013, na pasipoti yake ni ya buluu hata leo.

Nami yamenifika. Niliwahi kuomba viza ya Schengen nipate kumtazama ndugu yangu mgonjwa, nikapeleka karatasi za benki, za kazi, za nyumba, na nusura nipeleke na cheti cha ndoa ya babu, na afisa wa ubalozi mmoja nisioutaja akanirudishia pasipoti yangu tupu akisema kwa upole mkubwa kwamba ubalozi hauna la kufanya, ni kanuni za Brussels. Kanuni za pamoja zipo, ila anayepima ombi na kulikataa ni ubalozi wa nchi husika, kwa jicho lake na kwa amri ya serikali yake. Ada haikurudi. Siku hizo ilikuwa yuro 80. Tangu Juni 2024 ni yuro 90, na sina shaka kwamba upole nao umepanda kiasi hicho.

Watasema: lakini hao wa Kamisheni hawakuchaguliwa. Gavana wa benki kuu alipigiwa kura na nani? Jaji? Khatibu wetu mwenyewe, Mungu amzidishie afya, tulimpigia kura lini? Kila kamishna hupendekezwa na serikali ya nchi yake, na wote kwa pamoja hawashiki kazi mpaka Bunge liwaidhinishe. Mwaka 2019 chama kilichoongoza katika uchaguzi kilikuwa kimemsimamisha Manfred Weber awe rais wa Kamisheni. Wakuu wa serikali wakamweka kando, wakamteua Ursula von der Leyen, waziri wa ulinzi wa Ujerumani, naye akapita Bungeni kwa kura 383 zilipotakiwa 374. Ikiwa rai ya mpiga kura ilidharauliwa siku hiyo, walioidharau ni marais na mawaziri wakuu.

Watasema tena: Hungaria je, haikulazimishwa kupokea wakimbizi? Septemba 2015 mawaziri walipiga kura ya kuwagawa watu 120,000 waliofika Italia na Ugiriki. Hungaria, Slovakia, Romania na Jamhuri ya Cheki zikapinga, zikashindwa kwa kura za serikali wenzao. Kisha Hungaria haikumpokea hata mmoja katika mgao huo, na ruzuku iliendelea kuingia. Utumwa wa namna hiyo ungegawiwa bure, foleni ingefika kisiwa cha Chumbe.

Kwa hiyo khatibu alipomalizia kwa kututisha kwamba kesho Arusha, yaliko makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, nayo itatutawala kama Brussels, nilitamani kumwonyesha mkataba wa Jumuiya hiyo, ambao ndani yake marais huamua kwa kauli moja, asipokubali mmoja hakuna jambo. Mei 2022 mawaziri wetu wa biashara na fedha walikubaliana kwamba bidhaa za nje za fungu la nne, fanicha zikiwamo, zitozwe ushuru wa asilimia 35 kuanzia tarehe 1 Julai, na tangu hapo kila mwaka nchi zao wenyewe huomba misamaha ya kutoifuata. Kiti kikipanda bei, mwenye duka huambiwa ni amri ya Arusha. Waliotoa amri hiyo hawakuwa hata Arusha siku ile, walikuwa Mombasa.