STAA NA DAWA YA KELOIDI: VIDEO YA SIKU SABA, KOVU LA MIAKA

Kuna staa mmoja wa kike hapa mjini, jina kapuni, ambaye siku hizi kaachana na kiki za mapenzi na kuhamia kwenye masikio ya watu. Kila baada ya siku mbili anarusha video. Sikio la mteja lina uvimbe, pamba inachovywa kwenye kimiminika, mteja anauma meno, kisha siku ya saba uvimbe umekauka na kudondoka. Chini yake ni kopakopa kibao na oda zinamiminika. Chupa yenyewe ni ndogo, ila bei yake inakaribia kodi ya mwezi ya chumba kimoja Mbagala.

Ila kuna video moja hajawahi kuirusha: ya mwezi wa sita.

Binti mmoja wa Tandika anaijua hiyo video, maana anaishi nayo. Alitoga tundu la tatu sikioni ili aende na wenzake, kovu likaanza kuvimba, akaagiza chupa. Uvimbe ukaungua na kudondoka kweli. Akatuma ujumbe wa sauti kushukuru, staa akaurusha kwa mbwembwe. Miezi michache baadaye uvimbe ukarudi, safari hii mkubwa kuliko wa kwanza. Alipouliza inboksi akajibiwa, "Kipenzi, una damu chafu, ongeza chupa mbili." Alipouliza tena, akapigwa bloku. Leo mtandio hautoki kichwani, hata ndani ya daladala iliyojaa saa nane mchana.

Sasa hiyo "damu chafu" ni uongo mtupu, na ndo uongo unaouza chupa.

Ukweli uko hivi. Ngozi ikichanika, mwili unaita mafundi. Hao ni seli zinazoitwa faibroblasti, na matofali yao ni protini inayoitwa kolajeni. Wanaitwa na kusukumwa na kemikali za mwili wenyewe, mojawapo ikiitwa TGF-beta, ambayo hapo tuichukulie kama msimamizi wa saiti. Kwa kawaida ukuta ukikamilika, msimamizi ananyamaza, mafundi wengi wanakufa kimyakimya, na matofali yaliyozidi yanaondolewa. Kovu linabaki bapa, maisha yanaendelea.

Kwenye keloidi, msimamizi haachi kupiga kelele. Mafundi hawaondoki, wanaendelea kupanga kolajeni juu ya kolajeni, nene na shaghalabaghala, mpaka wanavuka mpaka wa kiwanja na kuingia kwenye ngozi ya jirani ambayo haikuumia kabisa. Hapo ndipo keloidi inapoachana na kovu lililovimba la kawaida. Lile la kawaida linabaki ndani ya mipaka ya kidonda, na mara nyingi hunywea lenyewe taratibu. Daktari Mfaransa Jean-Louis Alibert, miaka ya mwanzo ya 1800, aliupa ugonjwa huu jina kutoka neno la Kigiriki la gando la kaa, kwa jinsi unavyotambaa pembeni. Anayeshinda soko la samaki Feri hahitaji kuchorewa picha.

Kwa hiyo keloidi ni uponaji uliokosa breki. Uchafu haumo, wala hakuna aliyerogwa. Mwaka 2010 watafiti wa Japani walichapisha kazi iliyoihusisha keloidi na maeneo ya kromosomu ya 1, ya 3 na ya 15, yaani kuna kitu mtu anazaliwa nacho. Ndo maana unaweza kukuta mama, shangazi na binti wote wanayo.

Na wale wanaosema "ni weusi huo, jichubue utapona", wasome kilichofanyika hapahapa Tanzania. Utafiti uliofanyika kaskazini mwa nchi na kuchapishwa mwaka 2015 uliwalinganisha watu wenye ualbino na wenye ngozi nyeusi. Pande zote mbili, keloidi ilikutwa kwa takribani watu 8 kwa kila 100, bila tofauti ya maana. Ni kweli duniani keloidi huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika kuliko Wazungu, lakini hapo rangi yenyewe ilionekana haina hatia. Mkorogo hauna kazi hapo.

Sasa rudi kwenye ile video. Kama keloidi inazaliwa na kidonda, kuiunguza kwa asidi ni kufanya nini? Ni kufungua kidonda kipya, kikubwa zaidi, na kuwaita mafundi walewale kwenye saiti ileile. Siku ya saba lazima ipendeze, kwa sababu mafundi ndo kwanza wanashusha mzigo. Keloidi huchukua miezi kujitokeza, wakati mwingine hata mwaka na zaidi. Staa anaizima kamera kabla ujenzi haujaanza.

Hata kisu cha daktari bingwa, kikitumika peke yake, kinashindwa vibaya. Maandiko ya kitabibu yanataja keloidi kurudi kati ya asilimia 45 na 100 baada ya kukatwa bila tiba nyingine. Kama daktari mwenye chumba safi na ganzi hathubutu kukata na kuishia hapo, chupa isiyo na lebo inapata wapi jeuri hiyo?

Halafu kuna huu ujanja wa maneno. Akitafuta wateja, ni dawa. Akibanwa, ni kipodozi tu. Anajua anachofanya: tangu 2019 vipodozi vinasimamiwa na TBS, dawa zinabaki TMDA. Basi achague moja, aende na chupa yake ikapimwe. Kinachodai kutibu keloidi kina jina moja tu, nalo ni dawa.

Mashabiki wake watasema hospitali foleni, hospitali gharama, na staa anajibu kwa upole usiku wa manane. Hilo ni kweli, na ni aibu ya mfumo. Binti wa Temeke anayekosa dakika kumi za kusikilizwa dirishani, lazima amfuate anayemwita "mrembo". Lakini upole wa inboksi hauzimi seli, na foleni siyo leseni ya kuwababua watu.

Kinachosaidia kipo, japo hakina mbwembwe. Kuna sindano za steroidi, mara nyingi triamsinoloni, zinazochomwa ndani ya kovu lenyewe na kurudiwa kila baada ya wiki kadhaa. Upasuaji upo pia, ila unafuatiwa na sindano, hereni za kubana au mionzi. Kuna na karatasi za silikoni. Safari inaweza kuanzia hospitali ya rufaa ya Temeke au Mwananyamala, na rufaa ikampeleka mtu mpaka kwa madaktari wa ngozi Muhimbili. Hata huko keloidi inaweza kurudi, na daktari mkweli atakwambia hivyo kabla hujalipa. Na mwenye ndugu mwenye keloidi afikirie mara mbili kabla ya tundu la tatu, tatuu au kipini. Ngozi isiyochanika haina cha kujenga.

Kwa staa mwenyewe, deni ni dogo. Awatafute wateja wote aliowarusha, kuanzia yule wa Tandika, awarekodi leo, bila mtandio na bila mwanga wa kupendezesha. Kama masikio yao ni bapa, atawafunga midomo Wabongo wote. Kama hayapo bapa, basi awarudishie hela zao, na video zishuke.

Wewe je, ushawahi kuiona video ya mwezi wa sita? Dondosha maoni hapo chini.