Simu Isiyojua Kuita Msaada

Wako wataalamu wasemao ya kwamba kivinjari cha kompyuta si simu, na kwa hiyo kisidaiwe kazi ya simu. Mtu aweza kuzungumza na kuonana na wenziwe humo apendavyo. Lakini siku nyumba yake ikishika moto, na atafute simu ya kweli! Hoja hii ni nyepesi, tena imekwisha kusikiwa zamani.

Mwaka 2005, mjini Houston, Marekani, wanyang'anyi waliwapiga risasi baba na mama nyumbani mwao. Binti yao akakimbilia simu, akapiga 911, nambari iliyoanza kutumika nchini humo mwaka 1968. Simu ile ilipita katika intaneti. Alichosikia ni sauti iliyonaswa, ikimwambia kwamba 911 haipatikani hapo. Mteja alipaswa kuiomba huduma hiyo mbele. Nani akumbukaye masharti ya mkataba huku damu inamwagika? Mwaka ule ule serikali ikaamuru simu za intaneti zilizoungana na simu za kawaida ziwafikishe watu kwenye 911.

Basi kanuni za mazungumzo ya kivinjari, ziitwazo WebRTC, zilikamilishwa Januari 2021. Zimeeleza vizuri jinsi sauti na picha zisafirivyo, na jinsi zifichwavyo zisinaswe njiani. Lakini namna ya kuitana zimemwachia kila mwenye tovuti ajiamulie. Hapo ndipo lilipo kosa. Wito wa dharura sharti utambulikane kuwa ni wa dharura, ujulikane watoka wapi, upelekwe kituo kinachohusika, na ukikatika kituo kiweze kumrudia mpigaji. Kila tovuti ikijitungia lugha yake, kituo kitaelewa ipi?

Utaniambia ya kwamba kivinjari hakijui mtu alipo. Chaweza kujua, ila huomba ruhusa kwanza, nami sitaki ruhusa hiyo iondolewe katika mambo ya kila siku. Na tangu mwaka 2008 iko kanuni iitwayo LoST, ambayo ikipewa mahali hujibu ni kituo gani kipelekewe wito. Kilichopungua si maarifa.

Wengine waogopa wito wa mzaha. Mzaha ulikuwako hata katika simu za waya, wala London haikuifunga 999 yake iliyoianza mwaka 1937.

Tena mfikirieni kiziwi. Simu ya sauti, hata iwe ya kweli namna gani, haimfai. Picha ya kivinjari ndiyo iliyompa kusema kwa mikono yake na kueleweka. Huyo akiambiwa atafute simu ya kweli, na aambiwe pia ni ipi.