JIWE SI BREKI

Katika barabara ipandayo kutoka Masasi kwenda Newala, gari likisimama mlimani mtu wa kwanza kuteremka si abiria. Ni utingo, naye huteremka na jiwe au gogo mkononi. Hulisukumiza nyuma ya tairi, hupiga ubavu wa gari kwa kiganja, na hapo ndipo dereva anapothubutu kuondoa mguu wake kwenye breki. Jambo hili limezoeleka mno hata watu wengi huliona kuwa ni sehemu ya udereva. Sisi hatukubaliani na mazoea hayo. Kila gari hutoka kiwandani likiwa na breki ya mkono, na kazi ya breki hiyo ndiyo hiyo hiyo ambayo sasa amekabidhiwa utingo na jiwe lake.

Tunawaelekezea maneno haya watumishi wa umma na walimu, na tunafanya hivyo kwa makusudi. Wao ndio watumiaji wakubwa wa magari ya zamani katika wilaya hizi: Land Rover ya idara iliyokwisha kupokewa na maofisa watatu au wanne kwa zamu, gari la shule, au gari dogo ambalo mwalimu amelinunua likiwa limetumika miaka mingi mikononi mwa wengine. Aidha, wao ndio wenye madaraka ya kuandika kwamba gari ni bovu na kuzuia lisitoke.

Masasi iko chini, katikati ya vilima vya mawe. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, na pale panapoitwa Shimo la Mungu ardhi inakatika ghafla kuelekea bonde la Ruvuma. Mtu anayefanya kazi katika mji ulio tambarare anaweza kumaliza mwaka mzima na breki ya mkono iliyolegea asiigundue. Mtumishi anayepanda na kushuka uwanda huu hana nafasi hiyo.

Hesabu yake si ngumu, na mwalimu wa sayansi anaweza kuifanya ubaoni. Gari la tani 2 likiegeshwa kwenye mteremko unaopanda mita 1 kwa kila mita 10 huvutwa kwenda chini kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 200. Likipakiwa abiria na mizigo ya tani 1 zaidi, nguvu hiyo hufikia kilo 300. Breki iliyoshika gari likiwa tupu huweza kuachia papo hapo watu wanapopanda. Gari likiponyoka na kubiringika mita 100 katika mteremko huo bila kizuizi, mwendo wake hukaribia kilomita 50 kwa saa, nalo halina honi wala mtu wa kukata usukani.

Taifa letu limekwisha kuona, kwa kipimo kikubwa cha kutisha, nini hutokea kitu kizito kikishindwa kuzuiwa mlimani. Tunazungumzia tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu mkoani Dodoma, ambako treni ya abiria ilirudi nyuma kwa kasi na kuigonga treni ya mizigo, wakafa watu 281. Breki za treni si breki za gari, lakini mteremko hautofautishi.

Basi breki ya mkono ikilegea, ni nini kimeharibika? Katika magari mengi ya zamani breki hii huvuta waya, na waya huo husukuma viatu vya breki vibane ngoma za magurudumu ya nyuma. Ubovu unaweza kuwa mahali popote katika njia hiyo. Mkono ukipanda juu sana kabla ya kushika, huenda viatu vimelika au waya umerefuka. Ukishika upande mmoja tu, huenda waya umeota kutu ndani ya ala yake na kugoma, jambo la kawaida kwa gari lililopita matope ya masika na mchanga mwekundu wa uwandani. Mkono ukipanda vizuri kisha ukashuka wenyewe, meno yanayoushikilia yamekwisha. Na kama kila kitu kinavutika sawasawa lakini gari bado linateleza, ngoma ifunguliwe: mara nyingi zitakutwa grisi za ekseli au mafuta ya breki yaliyovuja na kulowesha viatu. Viatu vilivyolowa mafuta havisafishwi vikarudishwa. Hubadilishwa, na uvujaji huzibwa kwanza. Vumbi la ndani ya ngoma lisipulizwe kwa mdomo, maana viatu vya zamani vingi vilitengenezwa kwa asibesto, ambayo huharibu mapafu. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa maji.

Hapa hatuna budi kulaumu desturi moja ya karakana zetu. Fundi akiletewa gari lenye breki ya mkono dhaifu, hukimbilia kukaza nati ya waya. Ni kazi ya dakika tano, mkono unakuwa mgumu, na mwenye gari anaondoka ameridhika. Lakini viatu vilivyolika vimebaki vile vile, na pengine sasa vinagusa ngoma wakati wote, vinapata moto na kulika upesi zaidi. Utaratibu ulio sahihi ni kurekebisha kwanza viatu gurudumuni, ndipo waya ukazwe kwa kiasi kilichobaki. Ofisa anayetia saini hati ya matengenezo aulize swali moja tu: je, ngoma zilifunguliwa?

Land Rover za zamani zina jambo lao, nalo halifahamiki vya kutosha hata kwa baadhi ya madereva wanaoziendesha kila siku. Breki yake ya mkono haiko magurudumuni. Iko kwenye ngoma moja nyuma ya sanduku dogo la gia, nayo hukamata propela. Kwa hiyo sili ya sanduku hilo ikichoka, mafuta humwagikia viatu moja kwa moja, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuchunguza. La hatari zaidi ni wakati wa kubadili tairi. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu huliruhusu gurudumu hilo lizunguke hewani huku lile lililobaki chini likiviringika, na gari huondoka ingawa breki ya mkono imevutwa hadi mwisho. Magurudumu yanayobaki chini yazuiliwe kabla ya jeki kuguswa. Vile vile breki hiyo isivutwe gari likiwa mwendoni, kwani inaweza kuvunja vyuma vya propela na difu.

Wenye magari yanayobadili gia yenyewe nao wasijidanganye kwa herufi P. Kinachoshikilia gari hapo ni kijino cha chuma ndani ya giaboksi. Breki ya mkono ivutwe kwanza, ndipo P ifuate.

Turudi kwenye jiwe. Gari likishaondoka, jiwe hubaki barabarani. Utingo hulikimbilia gari, si jiwe. Usiku unapoingia, mwenye baiskeli au pikipiki anayeteremka kutoka Newala hulikuta pale katikati ya njia, na katika msimu wa korosho, malori yanapokuwa mengi, mawe nayo huwa mengi. Hivyo breki mbovu ya gari moja inaweza kumuua mtu ambaye hakulipanda wala hakuliona. Anayelazimika kuzuia tairi atumie kabari ya mti iliyofungwa kamba, ikae garini na irudi garini.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikuruhusu gari bovu kutembea barabarani kwa kuwa ni mali ya ofisi. Jaribio linaweza kufanywa asubuhi, mahali tambarare na pasipo watu mbele: vuta breki ya mkono hadi mwisho, tia gia ya kwanza, achia klachi polepole. Injini ikizimika, breki inashika. Gari likisogea, halipandi mlima siku hiyo. Mpaka litengenezwe, liegeshwe mahali tambarare. Na kama dharura imelisimamisha mteremkoni, liachwe katika gia ya kwanza likiwa limeelekea juu au gia ya kurudi nyuma likiwa limeelekea chini, tairi za mbele zikiwa zimekatwa kuelekea ukingo. Dereva aliyeandika katika daftari la safari kwamba breki ya mkono haishiki ajibiwe kwa maandishi katika daftari hilo hilo, na jibu liwe na jina na tarehe.