Kariakoo saa 24: Jumuiya ya Jumamosi asubuhi ataenda nani?

Jumamosi saa 12 asubuhi, wakati wanajumuiya wa Mbagala au Kimara wanaanza sala sebuleni kwa jirani, wenzao wengi wako njiani kwenda Kariakoo. Jumamosi ni siku ya mauzo. Mteja wa mkoani aliyeshuka kwenye basi usiku hasubiri sala iishe.

Tatizo hili ni la siku nyingi, ila sasa limekaza. Februari 2025 Kariakoo ilizinduliwa rasmi kufanya biashara saa 24. Siku chache baadaye, tarehe 5 Machi, ikawa Jumatano ya Majivu, na Ramadhani nayo ilikuwa imeanza wikiendi iliyotangulia. Yaani soko limeambiwa lisilale wakati waumini wa dini zote mbili wameingia kwenye mfungo.

Soko lenyewe linaijua kalenda ya kanisa vizuri tu. Kwaresima ikiingia harusi hupungua, na muuza vitambaa vya sare anajua Pasaka ikipita simu zitaanza kuita. Majilio, ambacho kanisani ni kipindi cha kutulia na kusubiri, ndicho kipindi ambacho mtaa wa Kongo haupitiki.

Kilichobadilika zaidi ni mahali watu wanapolala. Kariakoo ya zamani ilikuwa ya nyumba za Kiswahili, vyumba huku na huku, korido katikati, mwenye nyumba na wapangaji wake. Leo kiwanja kilekile kina ghorofa: chini fremu, juu stoo. Wakazi wamesogea Chanika, Goba, Kibaha. Wanarudi mchana kama wauzaji, mawinga na machinga. Baadhi yao huchomoka kidogo kwenda kusali St. Joseph au Azania Front, makanisa mawili ya enzi za Mjerumani kule upande wa baharini, halafu hao, dukani.

Sasa tuje kwenye shida yenyewe. Kanisa Katoliki hapa kwetu limejengwa juu ya jumuiya ndogo ndogo, mfumo ambao maaskofu wa Afrika Mashariki waliupa kipaumbele miaka ya 1970. Unafanana sana na balozi wa nyumba kumi: unahesabiwa unapolala. Ukitaka kubatiza mtoto au kufunga ndoa, parokia itauliza jumuiya yako, na viongozi wake ndio watakaothibitisha kwamba wanakujua. Kwa Walutheri kuna usharika wako na bahasha yenye namba yako.

Chukua winga anayeishi Chanika. Anatoka saa 10 alfajiri, anarudi saa 4 usiku. Mchana anasali mjini na sadaka anatoa hukohuko. Kule Chanika, kwenye daftari la jumuiya, jina lake lina alama za kutokuwepo kuanzia Januari mpaka Desemba. Siku akifariki, ndugu wanakwenda parokiani wanaulizwa: alikuwa jumuiya ipi? Mtu aliyesali karibu kila siku anaonekana kama hakuwahi kusali.

Viongozi wa jumuiya wana hoja yao, na mimi siidharau. Usiku wa msiba, watakaofunga turubai na kuchota maji ni majirani. Waliokaa naye benchi moja kwenye sala ya mchana huenda hata jina lake hawalijui. Mtu asiyewahi kumzika jirani anategemea nini?

Lakini makanisa haya haya yameshatengeneza njia kwa kundi lingine. Wanafunzi wa vyuo vikuu wana huduma zao za kichungaji palepale chuoni, wala haambiwi mtu asubiri mpaka arudi kijijini kwao ndipo ahesabiwe. Mfanyabiashara anayekaa Kariakoo miaka 20, saa nyingi kwa siku kuliko anazokaa kwake, kwa nini asiwe na jumuiya ya mtaa wa biashara, itakayotuma taarifa zake kwenye parokia ya nyumbani?

Haihitaji jengo. Inahitaji daftari moja, saa moja ambayo si ya mauzo, labda Jumatatu asubuhi maduka yakiwa bado yamepoa, na makatekista wawili wa parokia mbili wenye namba za simu za wenzao.