Lengo la Mtoto Liandikwe kwa Maneno Yake

Baadhi yetu chamani tumewahi kuitwa tukalimani mtoto anapokutana na mshauri wa afya ya akili. Hapa Uingereza, kliniki nyingi za watoto na vijana hutumia njia nyepesi ya kupima maendeleo. Mtoto hutaja malengo yake, kwa kawaida yasiyozidi 3, kisha kila lengo hulipa alama kuanzia 0 hadi 10. Sifuri ni kwamba hajalikaribia kabisa. 10 ni kwamba amelifikia. Baada ya vikao kadhaa huulizwa tena, na alama zikalinganishwa.

Njia yenyewe tunaiunga mkono. Kasoro iko kwenye ukalimani.

Mtoto husema, "Nataka nilale bila kuamka na hofu." Sisi, kwa haraka, tunasema anataka kuboresha usingizi, na ndivyo inavyoandikwa. Miezi 2 baadaye anaulizwa kuhusu usingizi, anajibu 8, maana siku hizi analala saa nyingi. Hofu hakuna aliyeiuliza. Alama imepanda, mtoto yuko palepale.

Mzazi naye huja na lake: "Awe na adabu, asinijibu." Kwa kumstahi mkubwa, tunalitanguliza la mama, la mtoto linamezwa. Hatuna haki hiyo. La mzazi liandikwe, lakini kwenye mstari wake na kwa alama yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tukumbuke pia kwamba watoto wetu wamefunzwa kutowavunja moyo wakubwa. Anaweza kutoa 9 ili tu mshauri afurahi. Na anayeshuka kutoka 6 hadi 4 huenda hajarudi nyuma. Huenda ndiyo kwanza ametuamini akasema kweli. Kwa hiyo namba isipokewe peke yake. Mtoto aulizwe: kwa nini 4, na nini kingeifanya iwe 5?

Tunapendekeza jambo moja. Lengo liandikwe kwanza kwa Kiswahili, kama alivyolitamka mtoto, tafsiri ifuate chini yake. Na kila kikao asomewe maneno yaleyale. Walimu wetu wa somo la tafsiri, tusaidieni kulifanyia mazoezi darasani. Tukikosea shairi, tutasahihishwa. Tukikosea hapa, mtoto atahesabiwa amepona.