Mto Ukijaa, Tutaonywa kwa Neno Gani?



Watafiti wa maji nchini mwetu wamefanya kazi kubwa. Katika mradi ulioitwa CRuHM, Chuo Kikuu cha Kinshasa kilishirikiana na vyuo vya Dar es Salaam, Rhodes, Leeds na Bristol kuupima mto Kongo. Kazi hiyo ilihitajika sana, kwa sababu vituo vingi vya kupimia maji vilivyokuwapo kabla ya uhuru wa 1960 vilikwisha kufa, na mtabiri asiye na vipimo hubahatisha tu. Mwaka 2022 wanasayansi wa bonde la Kongo na wenzao wa nje walitoa kitabu kikubwa juu ya maji na tabianchi yake, kwa Kiingereza na kwa Kifaransa.

Hoja yangu ni hii: katika ushirikiano wa namna hiyo pana kazi ya watu wa lugha za Kiafrika, nasi bado hatujaidai.

Tuchukue mfano. Januari 2024, mto ulifika mita 6.20 mjini Kinshasa, karibu na rekodi ya 1961 ya mita 6.26. Idara ya njia za mito, RVF, ilikuwa imetoa onyo tangu Desemba. Sasa itafsiri namba ile. Wengi wetu tungeandika "kina cha mto ni mita 6.20", na tungepotosha. Kina huhesabiwa hadi sakafu ya mto, na chini ya Kinshasa kuna mahali ambapo Kongo una kina cha zaidi ya mita 200. Namba ile ni kimo cha maji kwenye kipimo kilichosimikwa ukingoni. Anayesikia "kina cha mita sita" atadhani mto ni wa kawaida, naye atabaki nyumbani.

Kifaransa kina "crue", maji yanapopanda, na "inondation", maji yanapotoka na kuingia majumbani. Sisi tunayatupa yote mawili ndani ya "mafuriko". Redio ikitangaza mafuriko wakati maji yanapanda tu, kisha yasitoke, mara ya pili watu hawataamini. Ikingoja yatoke, imechelewa. Lakini Kiswahili kina "mto unajaa" na "mto umefurika". Tofauti hiyo tunayo tayari. Inabaki kukubaliana kuitumia daima kwa maana ileile.

Wala tusidhani tafsiri ya Dar es Salaam itatutosha. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza utabiri kwa Kiswahili, na inastahili pongezi. Lakini masika na vuli ni misimu ya huko. Sisi Katanga tuna msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili. Tena mama wa Katuba, anayesema "mvula" na "mayi", akisikia "mvua za wastani" anaweza kuelewa mvua kidogo, hali mtabiri ana maana ya mvua iliyozoeleka mahali pale.

Mwenzetu wa sayansi atajibu: kwanza vipimo, maneno baadaye. Namwelewa, bila vipimo hakuna la kutangaza. Lakini kipimo kinahitaji mtu wa kukisoma na kukilinda, iwe Bukama kwenye Lualaba au Kalemie kwenye ziwa Tanganyika. Mtu huyo akiona namba anayoandika inarudi kwao kama habari wanayoielewa, atakuwa na sababu ya kuendelea. Kwa hiyo vipimo na maneno viende pamoja.

Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Heshima hiyo ionekane pale ambapo maisha ya watu yamo hatarini.

Napendekeza tuanze mwaka huu wa masomo. Tukusanye maneno hamsini ya maji na utabiri, tukaketi na wasikilizaji wa Katuba, Kenya na Rwashi, tuwaulize wameelewa nini na wangefanya nini. Yanayoeleweka vibaya tuyaache, hata kama yamo katika kamusi. Kisha orodha tuipeleke kwa watafiti wa maji, watuambie wapi tumekosea sayansi. Walimu wa istilahi, tunaomba mtusimamie.